Karo ya Chuo cha Ufundi: Tutafute ya Kumaliza, Si ya Kuingia Tu

(Mazungumzo na wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia, yaliyotolewa katika ukumbi wa parokia na mfanyakazi wa huduma za jamii)

Ndugu wenyekiti, makatibu na waweka hazina, akina mama na akina baba, na nyinyi vijana mliosimama pale mlangoni. Ingieni ndani, viti bado vipo. Maneno ya leo yanawahusu nyinyi kuliko sisi.

Nimeombwa niseme juu ya basari za vyuo vya ufundi. Kila mwaka matokeo ya Kidato cha Nne yakishatoka, wazazi huja ofisini na swali moja: "Mwalimu, mtoto wangu amepata D. Kuna mahali anaweza kusaidiwa?" Nami huwajibu kwa maswali mawili. Kwanza, mtoto ana kitambulisho? Pili, hiyo kozi anayotaka, tangu siku ya kwanza mpaka anapewa cheti, ni pesa ngapi zote pamoja? La kwanza wengi hulijibu. La pili, karibu wote hunyamaza. Wanajua pesa za kuingia. Za kumaliza hawazijui.

Kabla sijafika huko, niondoe jambo moja njiani. D si mwisho wa mtoto, na tuache kumsema hivyo mbele ya wageni. Mwenye C- anaweza kusoma diploma katika chuo cha ufundi. Mwenye D anaweza kusoma cheti. Aliye chini ya hapo anazo kozi za ngazi ya kwanza, za kumfanya fundi. Hata yule ambaye hakufika Kidato cha Nne ana nafasi katika vyuo vile vidogo ambavyo wazee hapa bado wanaviita politekniki za vijiji. Vyuo hivyo vina historia na makanisa. Mwaka 1966 Baraza la Makanisa lilitoa ripoti iliyouliza vijana wanaomaliza shule ya msingi waende wapi, na baada ya hapo vikaanza kufunguliwa kimoja kimoja, vingine chini ya mti na msumeno mmoja. Katiba ya 2010 iliviweka chini ya serikali za kaunti. Kwa hiyo mkitaka kujua karo yake na kama kaunti inasaidia kulipa, swali hilo mpelekeeni afisa wa kaunti, si Nairobi.

Sasa nirudi kwa pesa. Nitawaambia habari ya kijana mmoja, jina nalihifadhi. Mama yake ni mwanachama wa kikundi kama hivi vyenu. Alipata nafasi ya kusomea umeme. Kikundi kikaita harambee, mbuzi akachinjwa, wageni wakaja, watu wakatoa. Zilipatikana Sh41,000. Wakalipa muhula wa kwanza, wakanunua sanduku, godoro, ovaroli na viatu, wakamsindikiza mpaka kwa matatu wakiimba. Muhula wa pili ulipofika hakukuwa na shilingi, na hakuna mtu huita harambee ya pili kwa mtoto yule yule. Alirudi nyumbani "kwa muda". Mimi nilimkuta mtoni akipakia mchanga kwenye lori. Kikundi bado kinamhesabu kama kijana waliyemsomesha.

Hakuna aliyemwonea kijana yule. Watu walitoa walichokuwa nacho. Lakini pesa zote zilikwenda mlangoni mwa chuo. Basari huombwa mapema, na wao hawakuwa wameomba hata moja, maana walifikiri harambee inatosha.

Basi tufanye hesabu pamoja. Mwenye kalamu aandike. Mwaka 2018 serikali iliweka karo moja kwa vyuo vya ufundi vya umma, Sh56,420 kwa mwaka, na ikaahidi kulipa Sh30,000 kwa kila mwanafunzi. Mfumo mpya wa mwaka 2023 uliitaja karo hiyo kuwa Sh67,189 kwa mwaka, ukigawanya mzigo kati ya ufadhili wa serikali, mkopo, na kile ambacho familia inatoa. Mambo haya yamebadilika na yanaweza kubadilika tena, kwa hiyo msichukue hesabu kutoka kwangu. Chukueni karatasi ya karo kutoka chuoni, yenye muhuri, ya mwaka huu.

Lakini tutumie hiyo Sh67,189. Kozi ya miaka 2 ni Sh134,378. Wengi wanakomea hapo. Haya, atalala wapi? Tuseme chumba cha Sh2,000 kwa mwezi, miezi 9 kwa mwaka: Sh18,000. Atakula nini? Tuseme Sh150 kwa siku, na hiyo ni ya sukuma wiki, si ya nyama: kwa miezi 9 ni Sh40,500. Jumla yake ni Sh58,500 kwa mwaka, na bado sijataja ada ya mtihani, vifaa, nauli, wala ile miezi ya kujifunza kazini, ambapo wengi hawalipwi chochote na bado wanatakiwa kufika kila asubuhi na mapema.

Mmeona? Chumba na chakula vinakaribia karo yenyewe. Na hapa ndipo nataka mnisikie vizuri. Basari karibu zote hulipa karo peke yake. Hundi huandikwa kwa jina la chuo, haimfikii mwenye chumba wala mama wa hoteli. Kwa hiyo pesa ya kikundi, ile mnayochanga kwa jasho, msiipeleke kwenye karo kama kuna mtu mwingine anayeweza kuilipa. Karo itafutiwe basari na mkopo. Pesa ya kikundi ikae kwa chakula, chumba na vifaa, mahali ambapo basari haifiki. Vikundi vingi hufanya kinyume, na ndiyo sababu mtoto anafukuzwa na njaa hali karo imelipwa.

Na kama kuna chuo kizuri karibu, mtoto alale nyumbani. Najua vijana hawapendi kusikia hivyo. Wanataka mji. Lakini Sh18,000 za chumba ni mbuzi wangapi?

Sasa, pesa ziko wapi? Haziko mahali pamoja. Ziko kwenye vyungu vidogo vidogo, na kila chungu kina kifuniko chake.

Chungu cha kwanza ni serikali kuu. Mtoto aombe nafasi ya chuo kupitia KUCCPS, hata kama kuna chuo kinachomwita moja kwa moja, kwa sababu ufadhili wa serikali huwafuata waliopangiwa vyuo kwa njia hiyo. Baada ya hapo anaomba HELB. Bodi hii iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995, na watu wengi bado wanadhani ni ya vyuo vikuu tu. Si hivyo, wanafunzi wa vyuo vya ufundi wanaomba pia. Maombi yanafanywa kwa mtandao. Asiye na simu ya kufaa aende saiba, lakini aende na mtu anayemwamini, na namba ya siri asimwachie mwenye saiba.

Wazee huniuliza, "Si HELB ni deni?" Ndiyo, mkopo wake ni deni. Riba yake ni asilimia 4 kwa mwaka, na kijana huanza kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Linganisheni na mikopo ya simu ambayo nyinyi wenyewe mnaichukua Jumatatu na kuihangaikia mwisho wa mwezi. Mimi siwezi kumwambia mtu akope ovyo. Lakini deni la kumaliza kozi ya ufundi bomba, huku mafundi wa bomba wakitafutwa kila mahali penye nyumba mpya, ni deni lenye njia ya kulipika. Kijana aelezwe tu tangu mwanzo kwamba si zawadi, maana anayenyamaza asilipe hutozwa faini, na deni huzidi kukua.

Chungu cha pili ni mfuko wa eneo bunge, ambao ulianza kama CDF mwaka 2003. Hapa mnapajua, sitakawia. Fomu hupatikana katika ofisi ya mfuko, na mara nyingi kwa chifu. Neno moja tu: watu hudhani basari hii ni ya shule za sekondari na vyuo vikuu. Mwanafunzi wa chuo cha ufundi anaruhusiwa kuomba. Asipoomba, pesa itakwenda kwa aliyeomba.

Chungu cha tatu ni kaunti, kupitia wadi. Hiki kimesaidia watoto wengi tangu kaunti zianze mwaka 2013, lakini kimetufundisha jambo pia. Mapema mwaka 2025 Msimamizi wa Bajeti aliziandikia kaunti zisitoe basari bila makubaliano na serikali kuu, na mvutano ukaingia mpaka mahakamani. Familia iliyotegemea chungu hicho peke yake ilikaa ikitazama redio huku mtoto yuko nyumbani. Ombeni, lakini msikiegemee kama ukuta.

Cha nne ni mashirika na benki. KCB Foundation, kwa mfano, ilianza mpango wa 2jiajiri mwaka 2016, wa kuwafundisha vijana ufundi na kuwasaidia kuanza kazi. Mipango kama hii hufunguliwa na kufungwa, na ina masharti ya umri na ya kozi. Mkisikia umetangazwa, mmoja wenu aende tawini akaulize siku hiyo hiyo. Ofisi ya maendeleo ya jimbo na kamati ya parokia pia huwa na mfuko mdogo mara kwa mara. Mdogo kweli, msije wote.

Na kuna kimoja ambacho watu wetu hukisahau. Mtoto mwenye ulemavu anaweza kuomba msaada wa karo kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Lakini lazima awe ameandikishwa. Nimeenda manyumba ambamo mtoto amefichwa ndani miaka kumi na minane, hana cheti, hana kadi, hana chochote cha kuonyesha serikali kwamba yuko. Huyo hakuna basari itakayomfikia mpaka atolewe nje aandikwe. Vikundi vya akina mama, hii ni kazi yenu. Nyinyi mnajua nani yuko nyumba gani.

Wasichana waliozaa nyumbani nao huachwa nyuma. Sijaona fomu ya basari inayouliza kama una mtoto mchanga. Sisi ndio tunaouliza. Kama bibi anaweza kubaki na mtoto, msichana aombe kama wengine.

Sasa makaratasi. Vyungu vyote hivi karibu vinataka karatasi zile zile, na hilo ni jambo jema, kwa sababu ukitengeneza faili moja umeomba mara tano. Ndani ya faili: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha kijana, vitambulisho vya wazazi, PIN ya KRA, matokeo ya mtihani, barua ya kupokelewa chuoni yenye namba ya usajili, karatasi ya karo, picha ndogo, na kwa yatima vyeti vya kifo vya wazazi. Kila kitu nakala tano. Za asili zikae nyumbani kwenye sanduku, zisisafiri.

Kinachochelewesha watu si umaskini wao, ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Wanjiku, cha mtihani kinasema Wanjiko, na kitambulisho kimeongeza jina la babu. Ofisi ikiona majina matatu inasema hawa ni watu watatu. Kurekebisha kunachukua miezi, si siku. Kwa hiyo angalieni majina mtoto akiwa Kidato cha Tatu, kabla hajaandikishwa mtihani. Cheti cha kifo nacho ni hivyo hivyo. Mtu amezikwa miaka sita, hakuna aliyekifuata, na sasa mtoto hawezi kuonyesha kwamba ni yatima ingawa kijiji kizima kilibeba jeneza. Kitambulisho kiombwe mara tu anapofika miaka 18, asingoje kuitwa chuoni.

Halafu barua. Fomu nyingi huwa na nafasi ya kueleza hali ya familia, na hapo watu huandika, "Mimi ni maskini sana, naomba msaada wenu, Mungu awabariki." Jamani, waombaji wote wameandika hivyo. Kamati haina la kushika. Andika mambo yanayohesabika. Kwa mfano: "Sisi ni watoto watano, watatu bado wako shuleni. Baba alifariki 2019. Mama ana nusu ekari na anauza mboga, apata kama Sh250 siku ya soko. Karo ya mwaka ni Sh67,189. Tumeshapata Sh12,000 kutoka kwa ndugu. Tunaomba msaada kwa zilizobaki." Hiyo ni mistari michache, lakini mtu wa kamati akiisoma anaiona nyumba. Na iwe kweli. Chifu na padre wanatia sahihi fomu hizo, na wao wanaishi hapa hapa. Mwenye lori asije kwangu nimwandikie ni maskini. Nimeletewa fomu ya namna hiyo na nikairudisha.

Kikundi nacho kinaweza kuandika barua ya kuunga mkono. Mwenyekiti na katibu watie sahihi, wagonge muhuri, waseme wanamjua kijana tangu lini, na kikundi kimeahidi kumtolea nini. Hapo kwa ahadi ndipo penye nguvu. Kamati ikiona kwamba kikundi kitamlisha, inajua pesa yake haitapotea katikati ya kozi.

Fomu ikishapelekwa kazi haijaisha. Nendeni mwulize. Hundi nyingi huandikwa jina la chuo vibaya, au bila namba ya usajili wa mwanafunzi, basi inafika chuoni na hakuna anayejua ni ya nani. Mwanafunzi anafukuzwa darasani huku pesa yake iko pale pale ofisini kwa mhasibu. Kijana aende na nakala ya barua ya basari, aombe risiti yenye jina lake, aipige picha aitume kwa katibu wa kikundi. Risiti ndiyo basari. Tangazo la jukwaani kwamba "huyu tumemlipia" si basari.

Tuzungumze na matapeli kidogo, maana wanafuata njaa. Fomu ya basari haiuzwi. Anayekwambia utume Sh1,500 kwa simu "ya kufungua faili" ili upate ufadhili, huyo ni mwizi, hata kama anaongea Kiingereza kizuri. Anayesema ana mtu ndani ya HELB, vivyo hivyo. Tena kuna vyuo vilivyo juu ya duka la dawa mjini, vina bango kubwa na hakuna karakana. Sheria ya mwaka 2013 iliunda mamlaka ya kusimamia vyuo vya ufundi, TVETA, na kila chuo kinatakiwa kuwa na leseni yake. Kabla ya kulipa shilingi, ombeni kuiona. Chuo kisicho na leseni hakitapewa mkopo wala ufadhili wa serikali, na cheti chake kijana atakitembeza bure. Mkiingia chuoni ulizeni pia mwone karakana. Anayefundisha ufundi wa magari bila gari hata moja, mnamwelewa.

Mwisho ni kazi ya kikundi chenyewe. Ningependekeza kila kikundi kichague watu wawili, mmoja awe kijana anayejua simu na mwingine mama au mzee anayeheshimiwa ofisini. Wawe na daftari moja. Kila ukurasa jina la kijana mmoja: kozi, karo yote mpaka mwisho, ameomba wapi, tarehe gani, amejibiwa nini, kimebaki kiasi gani. Vyuo vingi hupokea wanafunzi Januari, Mei na Septemba, kwa hiyo kijana ambaye ukurasa wake bado una pengo kubwa anaweza kungoja muhula mmoja huku akifanya kibarua na kuweka akiba. Kungoja miezi minne si aibu. Mimi naona ni afadhali hivyo kuliko kuingia kwa shangwe na kutoka kimya kimya.

Kama mna mzunguko wa kila wiki, tengeni sehemu ndogo. Kikundi cha watu 25, kila mmoja akitoa Sh20 kwa wiki, kwa wiki 52 ni Sh26,000. Haitoshi karo. Lakini kwa hesabu yetu ya Sh150 kwa siku, inalisha kijana mmoja zaidi ya miezi 5. Kijana naye aweke sahihi kwamba akianza kazi atarudisha kidogo kidogo ili mwingine alishwe. Wengine watarudisha, wengine watapotelea mjini, na mjue hivyo kabla ya kuanza ili msigombane baadaye.

Nimewaachia makatibu karatasi yenye orodha ya nyaraka za faili. Wale ambao watoto wao wako Kidato cha Tatu na cha Nne, Jumamosi ijayo baada ya soko tutakutana hapa hapa kuangalia majina kwenye vyeti. Njooni na vya asili, nasi tutalinganisha herufi kwa herufi. Sasa nipokee maswali, tuanze na yule mama wa nyuma aliyeinua mkono tangu niliposema habari ya chakula.